Nina miaka 63, nataka roki mpya, simu inanirudisha ujanani

Ndugu Mshauri,

Salaam. Mimi ni mama wa miaka 63, mstaafu, naishi Sinza. Shida yangu wengi wataiona ya anasa, na hapa nyumbani wameshaicheka vya kutosha, ndiyo maana naileta kwako. Napenda muziki wa roki, na sijui tena pa kuupata ulio mpya.

Ya zamani ninayo tele: Deep Purple, Santana, Hendrix, Led Zeppelin. Mapenzi haya nilitiwa na kaka yangu aliyekuwa baharia. Kila akirudi safari alishuka bandarini na santuri, na yeye ndiye aliyenichagulia nianze na ipi. Siku hizi kaokoka, anasema magitaa yale ni ya shetani, santuri zote alishazigawa. Basi sina wa kumuuliza. Redioni ni Bongo Fleva, singeli, amapiano na injili. Sina ugomvi nazo, singeli nikiikuta harusini naicheza, ila kiu yangu ni gitaa la umeme linalolia.

Wajukuu wakanifundisha YouTube. Nikiandika Deep Purple napewa Deep Purple, halafu Led Zeppelin, halafu Deep Purple tena, onyesho la mwaka 1972. Mashine imeshanipima umri, ikaamua kwamba mimi ni wa kukumbuka tu. Nikiandika "roki mpya" naletewa vijana wanaonguruma tangu wimbo unaanza hadi unaisha. Huenda ni wazuri kwa wenyewe, lakini mimi nimefanya kazi masjala ya ofisi ya serikali miaka mingi, nimefokewa, inatosha. Na ninayemweleza hukimbilia kunijibu, "Mama, si kuna Queen? Freddie Mercury mtoto wa Unguja!" Ni kweli, mwimbaji huyo wa bendi ya Queen alizaliwa Unguja mwaka 1946. Alifariki mwaka 1991. Mimi nauliza habari za leo, wao wananipa historia.

Nilibahatika mara moja, na si kwa mashine. Nilipeleka simu kwa fundi pale Mwenge abadilishe kioo, nikakuta spika yake inatoa gitaa lililonifanya nisahau hata kupatana bei. Nikamwomba aniandikie jina: Mdou Moctar, Mtuaregi, mtu wa jangwa la Sahara, wa Niger. Anapiga kwa mkono wa kushoto, na nimesoma kwamba gitaa lake la kwanza alilitengeneza mwenyewe, nyuzi zikiwa waya za breki za baiskeli. Albamu yake ya mwaka 2024, Funeral for Justice, nimeisikiliza hadi wajukuu wakaniomba niihamishie chumbani. Lugha siielewi hata neno, ila hasira naisikia, na ni hasira yenye sababu.

Nikaifuata njia hiyo, nikawakuta bendi ya Tinariwen wa Mali. Nikafurahi, kumbe nao walianza mwishoni mwa miaka ya 1970, wazee wenzangu! Vivyo hivyo bendi ya WITCH wa Zambia: walivuma enzi zile, wakanyamaza, kisha mwaka 2023 wakatoa albamu ya Zango. Hiyo niihesabu mpya au ya zamani? Mjukuu wangu anasema nadanganya.

Hata sisi Dar tulikuwa na bendi ya Sunburst, ambao albamu yao ya Ave Africa ilitoka Zambia mwaka 1976, na mwaka 2016 kampuni ya Uingereza ikaitoa upya. Nashukuru. Lakini wajukuu wa Sunburst wako wapi? Nimekwenda kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space, Mikocheni, nikasikia muziki mzuri, ila si huo. Hotelini bendi zinapiga rumba na kopi.

Kuna jambo jingine linanisumbua. Santana sikumpenda siku ya kwanza. Nilimpenda kwa sababu santuri ilikuwa hiyo hiyo moja ndani ya nyumba, ikapigwa wiki nzima mpaka ikaniingia. Sasa wimbo mpya naupa nusu dakika, naona bando linakwisha, naruka. Huenda nimeshaziruka nyimbo ambazo zingenifaa.

Kwa hiyo naomba unishauri. Je, kuna namna ya kuisahaulisha simu mambo yangu ya zamani, au nifungue akaunti nyingine nijifanye msichana? Nifunge safari ya tamasha la muziki la Sauti za Busara mwezi wa pili, Unguja, au huko nako gitaa la namna hii ni la kubahatisha? Na kwa Dar, kuna ukumbi wowote ambapo mama mtu mzima anaweza kukaa na soda yake akasikiliza roki bila kuulizwa amemfuata mtoto wa nani?

Wasomaji wenye kujua nao wasaidie. Wasinitumie orodha ndefu, nitaruka. Waniandikie jina la bendi moja, ya vijana walio hai, na wimbo mmoja wa kuanzia. Nitausikiliza wiki nzima, nikiupenda nitaomba wa pili.

Mama wa Sinza,
Dar es Salaam