Kura irudi kwenye uteuzi wa wagombea

Mhariri,

Wanaotaka tuachane na vyama vya siasa hukwama kila mara kwenye swali moja: vikiondoka, nani atateua wagombea? Kwangu hapo ndipo penye kiini. Anayeamua majina yapi yafike kwenye karatasi ya kura ameshachagua nusu ya kiongozi kabla wapiga kura hawajapanga foleni. Nimewahi kuwa mwanachama wa chama, na nimeona tukipiga kura za maoni halafu jina likirudi kutoka juu ni jingine kabisa.

Kuvizuia vyama tu hakutoshi. Uganda ilijaribu kuanzia 1986: wagombea walisimama kwa sifa binafsi, hadi kura ya maoni ya 2005 iliporudisha vyama vingi. Kwa maoni yangu, miaka yote hiyo Vuguvugu (Movement), kundi lililokuwa likitawala, lenyewe lilikuwa chama, ila halikuwa na mshindani.

Tukumbuke kwamba neno letu “kura” asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni ile ya kuokota karatasi kwenye kofia. Athens ya kale ilipata hivyo wajumbe 500 wa baraza lake, kwa mwaka mmoja mmoja. Venice ilikwenda mbali zaidi. Kuanzia 1268 hadi 1797, mtawala wake alichaguliwa na watu 41 waliopatikana kwa mizunguko ya kubahatisha na kuchagua: 30 wanachujwa kwa kubahatisha wabaki 9, hao 9 wanachagua 40, nao wanachujwa wabaki 12, na kuendelea. Inachosha hata kusimulia, lakini ndiyo ilikuwa shabaha: mwenye fedha asijue mapema amhonge nani. (Walioshiriki walikuwa makabaila peke yao, hilo tusiliige.)

Pendekezo langu ni hili. Nafasi ikiwa wazi, waokotwe wananchi mia kutoka daftari la wapiga kura, walipwe posho na wapewe ruhusa kazini. Wawahoji waombaji hadharani, kisha kwa siri wapendekeze majina manne. Jopo livunjwe siku hiyohiyo, na uchaguzi wenyewe ubaki wa watu wote. Watu wa vyama waombe kama wengine.

Najua nitaambiwa kura yaweza kumwangukia mjinga. Yaweza, lakini si mara mia. Ireland iliwakalisha raia 99 waliookotwa kwa bahati nasibu kuanzia 2016, wakajadili utoaji mimba, jambo ambalo wanasiasa walikuwa wakilikwepa. Walichopendekeza kilipelekwa kwa wananchi mwaka 2018 na kupita kwa asilimia 66. Hawakuwa wakichagua viongozi, nakubali, ila kumsaili mwombaji si kazi ngumu kuliko ile.

Tusianze na urais. Udiwani unatosha kwa majaribio, tena kwenye chaguzi ndogo, ambako jopo likikosea hasara haitakuwa kubwa.

Msomaji wenu