Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Vipindi: Mahadev atamshusha Sati lini?

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima. Nimekuandikia barua pepe mara mbili, na huduma kwa wateja nimewapigia simu hadi nimeacha kuhesabu. Jibu ni lile lile: suala lako linashughulikiwa. Leo naandika hadharani kwa sababu ya Jumatatu iliyopita.

Ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya Shravan, mwezi ambao sisi Wahindu humtukuza mungu Shiva, tunayemwita pia Mahadev, kuliko miezi mingine yote. Mama yangu ana miaka 81, na macho yake siku hizi yanatambua mwanga tu. Alikuwa amefunga tangu alfajiri. Jioni alioga tena, akavaa sari yake nyeupe ya pamba, akaniomba nimwashie taa ndogo ya samli pembeni ya televisheni. Ndizi mbivu na glasi ya maziwa vilikuwa mezani. Alisema atafungua baada ya kipindi. Jirani yetu wa ghorofa ya chini, mama wa Kiislamu ambaye hajakosa hata siku moja, alipanda na mjukuu wake. Kwa wiki mbili mlikuwa mmetangaza kwamba tamthilia ya Mahadev "inarejea pale ilipoishia". Maneno hayo ni yenu, si yangu. Saa moja usiku ikafika, mkaweka sehemu ya kwanza.

Ya kwanza, Mheshimiwa. Kwa mara ya tatu.

Sijui kama wewe mwenyewe umewahi kuitazama, kwa hiyo naomba nikueleze mnakatia wapi. Sati ameolewa na Shiva, mume wa kujipaka majivu na kuvaa ngozi ya simbamarara, baba yake akiwa hataki hata kumsikia. Baba huyo, Daksha, anaandaa yajna, ibada kubwa ya moto, anaalika miungu wote isipokuwa mkwewe. Sati anakwenda bila kualikwa. Anasikia mumewe akitukanwa mbele ya wageni, anajitoa uhai motoni. Shiva anaubeba mwili wake begani na kuzunguka nao kwa uchungu hadi dunia inatikisika. Hapo ndipo mnapokata. Mara ya kwanza mlikata hapo, na mara ya pili mkakata hapo hapo.

Hadithi haiishii hapo! Mungu Vishnu anaugawa mwili ule kwa chakra yake, silaha ya duara, na kila kipande kilipoanguka pakawa mahali pa ibada hadi leo. Sati anazaliwa tena, sasa anaitwa Parvati, binti wa mlima Himalaya, na safari hii anamtafuta Shiva kwa kufunga na kutafakari, juani na kwenye baridi, mpaka anampata. Kisha inakuja harusi, kisha anakuja mwana wao Ganesha. Ninyi mmetuachia msiba usio na arobaini.

Labda utasema mama anaijua hadithi yote, basi tatizo liko wapi. Ni kweli anaijua. Ndiye aliyenisimulia, kwa Kigujarati. Lakini wanangu wamezaliwa hapa Upanga, na Kigujarati chao ni salamu na majina ya vyakula. Mlipoiingizia sauti za Kiswahili, kwa mara ya kwanza bibi na wajukuu walikaa mbele ya hadithi moja bila mimi kuwa mkalimani katikati. Siku moja binti yangu mdogo alimuuliza, "Ba," yaani bibi, "kwa nini baba yake Sati hakumwalika Shiva?" Mama akanyamaza kidogo, kisha akamwambia jambo ambalo mimi sikuwahi kulisikia maisha yangu yote: kwamba baba yake mwenyewe hakuja kwenye harusi yake. Hicho ndicho mlichokileta nyumbani kwangu. Kwa hilo nawashukuru, na kwa sababu hiyo hiyo siwezi kunyamaza.

Wapo wanaosema fedha za waingiza sauti ziliisha. Wengine wanasema kuna watu walilalamika kwamba mnatangaza masanamu. Mimi nadhani hamkununua sehemu zote, mkatumaini hatutagundua. Sina ushahidi, maana hamjatueleza lolote, na kifurushi ninalipia kila mwezi.

Mama alikuwa Rajkot, India, mwaka 1987, akimuuguza dada yake, wakati Doordarshan, televisheni ya taifa ya kule, ilipokuwa ikionyesha Ramayan, tamthilia ya Ramanand Sagar kuhusu mungu Rama na mkewe Sita, kila Jumapili asubuhi. Anakumbuka viatu vilivyovuliwa mlangoni, televisheni iliyovishwa taji la maua, na barabara isiyo na mtu. Mwaka 1988 tamthilia ile ilipofika mwisho bila kisa cha Lava na Kusha, watoto wa Rama na Sita, wafagia barabara wa Jalandhar na miji mingine waligoma. Walimheshimu mtakatifu Valmiki, aliyewalea watoto wale, na walitaka sehemu yake ionyeshwe. Serikali ikakubali, na sehemu hizo zikatengenezwa. Wale waligoma. Sisi tunaomba tu.

Tuonyesheni iliyobaki. Kama haijatafsiriwa, iwekeni kwa Kihindi, nitakaa chini niwatafsirie wanangu mwenyewe. Kama zote haziwezekani, tuonyesheni hata ile sehemu moja, Shiva anapotuliwa mzigo wake.

Jumatatu ile mama aliutambua muziki wa mwanzo hata kabla hatujamwambia. Alikaa mpaka kipindi kikaisha. Kisha akageuka upande niliokuwa nimeketi, akauliza, "Bado hajamshusha?"

Nikamjibu bado. Maziwa hakuyagusa.

Wako mtiifu,
Mtazamaji wenu, Upanga, Dar es Salaam