Video za harusi ya Ujiji: tuzitume hivi

Ndugu zangu, habari za jioni. Video zote ziwe faili la MP4, picha ikiwa imebanwa (imepunguzwa ukubwa) kwa mbinu ya H.264, na sauti kwa mbinu ya AAC. Najua H.265, mbinu mpya zaidi, hupunguza faili karibu nusu kwa ubora uleule, ila simu na runinga nyingi za zamani haziiwezi: sauti inasikika, picha nyeusi. Na wazee wetu ndio wenye simu hizo.

Kwenye HandBrake, programu ya kompyuta ya kubana video, chagua picha ya 720p (mistari 720 kwenda juu) na kiwango cha data cha kilobiti 2,000 kwa sekunde. Dakika 10 zitakuwa kama MB 160 pamoja na sauti. Anza na faili la kamera, si lililokwisha kubanwa, maana kila kubana kunaharibu picha.

WhatsApp tumeni kama dokumenti, tafadhali! Mkituma kama video inabanwa tena, nyuso zinakuwa vigae.