Barua kwa mwanangu anayetaka kusomea teolojia

Mwanangu,

Umeniuliza mwanateolojia hufanya nini hasa kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, ukaniomba nisikufiche. Baba yako, ndugu yangu, naye amenipigia simu akitaka nikukanye. Nimeamua kujibu hapa hadharani, kwa sababu vijana wengi hapa Kisumu huniuliza jambo hilo hilo, na karibu wote huanza hivi: "Kwani wewe ni pasta?"

Mimi si pasta. Sijawekewa mikono na sina kanisa ninaloongoza, ingawa nikifika matangani naombwa nifungue kwa maombi, nami huomba. Kazi yangu ni kuwafundisha wanaoandaliwa kuwa wachungaji, na wengi wao tayari wanachunga. Zaidi ya hapo, nachunguza yale makanisa yetu yanayosema kuhusu Mungu: yametolewa wapi, yamesimama juu ya nini, na yanamfanya nini anayeyasikia. Hilo la mwisho ndilo linalonikosesha usingizi. Kila neno la mimbarani kuna mtu atakayelilipia, na mara nyingi si yule aliyelisema.

Chukua Malaki 3:10, mstari wa fungu la kumi. Umeusikia tangu utotoni kila kapu la sadaka linapopita. Muhula mmoja, mwanafunzi wangu mwenye kanisa dogo la mabati alitueleza darasani jinsi alivyomshauri mjane anayeuza omena pale sokoni Kibuye. Biashara ya mama huyo ilikuwa inadidimia. Mchungaji akamwambia anamwibia Mungu, basi mama akaanza kutoa fungu la kumi kutoka kwenye mtaji. Mwanafunzi alisimulia haya kwa moyo safi, kama ushuhuda.

Nikawaomba wote warudi nyuma mistari mitano tu. Katika Malaki 3:5, Mungu huyo huyo anasema atashuhudia dhidi ya wale wanaomdhulumu kibarua mshahara wake, na wanaomwonea mjane na yatima. Kisha tukafungua Kumbukumbu la Torati 14:28-29: kila mwaka wa tatu fungu la kumi liwekwe mijini, ili Mlawi, yaani mhudumu wa hekalu, pamoja na mgeni, yatima na mjane, wapate kula na kushiba. Mjane yumo mle, mwanangu, upande wa wanaokula.

Yule mchungaji hakukasirika. Aliuliza, "Sasa madam, kodi ya kanisa italipwa na nani?" Swali lake lilikuwa la haki, maana hana mshahara na ana watoto shuleni. Tukasoma Nehemia 13:10, Walawi walipoacha kazi ya hekalu na kurudi mashambani kwa sababu hawakupewa posho yao. Wataalamu wengi huweka Malaki na Nehemia katika karne moja, ya 5 kabla ya Kristo, kwa hiyo tuliona kwamba mvutano huo ni wa kale: mhudumu lazima ale, na mjane lazima ale. Kilichobaki cha kipindi tulikimalizia hapo, na zamu ya mada niliyokuwa nimeandaa haikufika. Vipindi vya namna hiyo ndivyo vinavyonifanya nishukuru kwamba nilichagua kazi hii.

Sehemu kubwa ya juma haina msisimko kama huo. Nasahihisha karatasi, nasimamia tasnifu, nasoma makala ya kurasa arobaini kuhusu aya moja ya Paulo, na kukaa kwenye mikutano. Kigiriki na Kiebrania vitakutoa jasho miaka ya kwanza. Ukikosa subira ya kukaa na ukurasa mmoja asubuhi nzima, kazi hii itakuchosha upesi.

Lakini Aprili 2023, miili ilipoanza kufukuliwa kule Shakahola, Kilifi, hadi ikapita 400, hakuna mwanafunzi wangu aliyeniuliza tena teolojia ina faida gani. Wengi walikuwa wamefunga hadi kufa kwa kuamini mahubiri waliyoyasikia, na wengine walikuwa wazazi wenye watoto. Tangu hapo wengi wanataka serikali iwalazimishe wahubiri wote wawe na cheti cha chuo. Naunga mkono elimu, ndiyo riziki yangu, ila sidhani cheti kitatosha. Muumini wa kawaida naye anahitaji kufundishwa kwamba kuuliza swali kanisani si dhambi.

Na kwetu huku magharibi mwa Kenya watu wameuliza kwa muda mrefu. Wamisionari wa Quaker walifika Kaimosi mwaka 1902, Waanglikana wakafungua shule Maseno mwaka 1906, na wenyeji hawakukaa tu kupokea. Johana Owalo alianzisha Kanisa la Nomiya, na waumini wake wanatahiri watoto wa kiume ingawa jadi ya Waluo haina tohara, kwa kuwa walisoma wenyewe kwamba Yesu alitahiriwa. Zakayo Kivuli alianzisha African Israel Church Nineveh mwaka 1942. Legio Maria ikajitenga na Kanisa Katoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kuna wasomi waliowadharau watu hawa. Mimi nawahesabu kuwa wanateolojia, hata pale nisipokubaliana nao, na nitafurahi ukiandika juu yao badala ya kurudia yale yaliyokwisha kuandikwa kuhusu wanateolojia wa Kijerumani.

Utakuwa mwanamke katika kazi hii, na bado kuna wanaume watakaokuuliza mume wako anachunga wapi. Jua kwamba njia imefyekwa. Mwaka 1989 kule Accra, Mercy Amba Oduyoye wa Ghana na wenzake walizindua umoja wa wanawake wanateolojia wa Afrika, na Wakenya kama Musimbi Kanyoro na mtawa Anne Nasimiyu-Wasike wakawa miongoni mwa sauti zake. Waliandika kuhusu mambo ambayo bibi zetu waliyabeba kimya, kama kurithiwa kwa wajane, utasa na ndoa za wake wengi. Wasome hao kabla ya wengine.

Umeuliza pia kama masomo yataua imani yako. Yataondoa baadhi ya vitu ulivyofundishwa, na utavililia. Mimi yalinipa Zaburi ya 88, ambayo sikuwahi kuisikia ikihubiriwa. Inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila "lakini" yoyote ya kumtuliza msomaji. Niliwahi kuisoma kwenye maziko ya mtoto, baada ya mtu fulani kumwambia mama yake kwamba angekuwa na imani zaidi mtoto angepona. Mama yule aliniomba nimwandikie namba ya zaburi ile kwenye karatasi. Nisingeijua bila wale walimu walionilazimisha kusoma Biblia nzima, hata kurasa zisizofaa kwa mabango.

Kuhusu pesa, baba yako hajakosea. Mshahara ni mdogo, na nimewahi kufundisha mahali ulipochelewa miezi kadhaa. Wenzangu wengi wanafuga kuku, wanalima, au wanafundisha vyuo viwili. Usiingie ukitegemea gari.

Kabla hujalipa karo, hakikisha shahada yenyewe inatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, kwa sababu wapo wanaouza udaktari wa heshima kama vocha. Uliza ni nani anayefundisha Kiebrania, na uombe kuingia maktabani. Angalia kama vitabu vina alama za kusomwa. Vyuo vya Maseno na Kaimosi si mbali, unaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo kwa matatu. Nitakutumia nauli. Na baba yako niachie mimi, nitampigia Jumapili jioni akiwa ametoka ibadani.

Shangazi yako