Kabla hamjaandika "filamu bora ya mwaka"

Ndugu Mhariri,

Kila msimu wa Oscar ukifika, kurasa zenu za burudani hugeuka mahakama: fulani kastahili, fulani kaonewa, ile imebebwa, ile imepigwa vita. Sina ugomvi na ushabiki. Sinema bila ubishi hainogi. Ninacholalamikia ni kwamba hakuna anayemweleza msomaji kura zenyewe huhesabiwaje, wala nani aliruhusiwa kuingia kwenye kinyang'anyiro tangu mwanzo. Na humo ndimo tuzo nyingi hupatikana au kupotea, kabla ubora wa filamu haujajadiliwa.

Nianze na hesabu. Katika duru ya mwisho, karibu tuzo zote za Oscar huenda kwa mwenye kura nyingi, basi. Filamu Bora imetengwa. Tangu sherehe ya 2010, idadi ya zinazowania ilipopandishwa kutoka tano hadi kumi, mpiga kura wa kipengele hicho hachagui filamu moja. Anazipanga kwa namba, ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho. Isipopatikana yenye zaidi ya nusu ya kura za namba moja, ile ya mkiani huondolewa, na kila karatasi yake huhamia kwa filamu iliyopewa namba mbili. Huendelea hivyo hivyo mpaka moja ivuke nusu.

Chukueni mfano wa kubuni: karatasi 100, filamu nne tu. A imepata namba moja 34, B 30, C 22, D 14. Hakuna iliyofika 51, kwa hiyo D inatoka. Katika karatasi zake 14, nane zimeweka C namba mbili, tano zimeweka B, moja imeweka A. Sasa A ina 35, B 35, C 30. C nayo inatoka. Kati ya karatasi zake 30, tuseme 24 zinaangukia B na sita A. Mwisho wa yote: B 59, A 41. Filamu iliyoongoza duru ya kwanza imeshindwa, tena kwa pengo kubwa.

Kesho yake vichwa vya habari vingesema A "imepokonywa". Haijapokonywa kitu. Watu 34 waliipenda kufa, na wengi wa waliobaki waliiweka chini. Mfumo huu unaitafuta filamu ambayo wengi hawaikatai, hata kama wachache tu ndio wanaoililia. Ndiyo maana filamu inayogawa watu, iwe kwa siasa yake au kwa namna ilivyosimuliwa, hupata taabu kwenye Filamu Bora, ilhali inaweza kumpa mwongozaji wake tuzo usiku uleule, kwa kuwa huko anayeongoza kwa kura anachukua hata asipofika nusu. Mnapoona Filamu Bora na Mwongozaji Bora vimekwenda njia mbili, tazameni hapo kwanza kabla ya kunusa njama. Na yule mpiga kura mkaidi anayejaza namba moja na kuacha nafasi nyingine wazi, ajue kuwa filamu yake ikitolewa, karatasi yake imekufa nayo.

Ajabu ni kwamba kosa la bahasha la 2017, Filamu Bora ilipotangazwa isiyo mshindi, liliandikwa kila pembe ya dunia, na hesabu hizi hazikuguswa. Lile lilikuwa kosa la mkono: bahasha zilikuwa seti mbili zinazofanana, moja kila upande wa jukwaa, na nakala ya Mwigizaji Bora wa Kike, ambayo ilipaswa kuwekwa kando kwa sababu mwenzake ilikwisha kufunguliwa, ikakabidhiwa watangazaji wa Filamu Bora. Dakika chache baadaye likasahihishwa mbele ya kamera. Kuna makosa yaliyochukua miaka 40 kusahihishwa, nami nitayafikia.

Kwanza mlango wa kuingilia. Tuzo ya filamu ya kimataifa ina masharti mawili yanayoumiza kuliko mengine. Kila nchi hupeleka filamu moja tu, iliyochaguliwa na kamati ya nchi hiyo. Na zaidi ya nusu ya mazungumzo lazima yawe katika lugha isiyo Kiingereza. Sharti la pili ndilo lililoiondoa filamu ya Lionheart ya Nigeria mwaka 2019: kipengele kilikwisha badilishwa jina, neno "lugha ya kigeni" limefutwa, lakini kipimo cha lugha kikabaki palepale. Humo lugha ya Igbo ilikuwa na dakika kama 11 tu. Haijalishi kwamba Kiingereza ndiyo lugha rasmi ya nchi hiyo. Kwa watayarishaji wetu funzo lake ni la kazi: ukiwa na mswada unaochanganya Kiswahili na Kiingereza, kama watu wa mjini wanavyozungumza kweli, pima mazungumzo ukiwa bado kwenye karatasi. Ukishafika chumba cha uhariri, kilichobaki ni kukata. Vuta N'Kuvute, iliyopelekwa na Tanzania kwa ajili ya sherehe ya 2023, haikuwa na shida hiyo.

Sharti la kwanza ndilo lenye siasa. Kamati ya taifa ikisita kwa kuogopa wakubwa, hakuna mlango wa nyuma kwa jina la nchi hiyo. Kumbukeni Rafiki ya Wanuri Kahiu. Ilioneshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, Mei 2018 huku nyumbani Kenya ikiwa imepigwa marufuku mwezi uliotangulia, kwa sababu ya mapenzi ya wasichana wawili. Kanuni za wakati ule zilitaka filamu ioneshwe kibiashara kwa siku saba mfululizo katika nchi inayoipeleka, ndani ya muda uliowekwa. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku kwa siku saba, sawasawa na kipimo hicho. Kumbi zikajaa. Kisha kamati ikachagua filamu nyingine, Supa Modo. Mtu anaweza kutetea uamuzi huo kwa sababu za sanaa, na Supa Modo si filamu ya kubezwa. Lakini atakayeandika historia ya tuzo za mwaka ule bila kutaja zile siku saba ameandika nusu.

Wengine wamepata mlango kwa jirani. Mwongozaji Mohammad Rasoulof alikimbia Iran mwaka 2024, na filamu yake ikapelekwa na Ujerumani, iliyochangia kuitengeneza, ikafika tano bora. Kwa hiyo mkichapa jina la nchi pembeni ya filamu, msilichukulie kama kabila la mwongozaji. Linataja aliyeipeleka.

Sasa makosa ya miaka 40, na hapa waandishi ndio walioumia zaidi. Mwongozaji huonekana akiwa kazini na mwigizaji sura yake iko kwenye pazia. Mwandishi ana jina tu, na jina hufutika kirahisi. Baada ya mahojiano ya bunge la Marekani kuhusu ukomunisti mwaka 1947, waandishi waliokataa kujibu walifungiwa kazi. Hawakuacha kuandika, waliuza miswada kwa bei ya kutupa kupitia majina ya watu wengine au majina ya bandia. Mwaka 1957 tuzo ya Hadithi Bora ikaenda kwa "Robert Rich" wa The Brave One. Mwakilishi wa chama cha waandishi akaipokea kwa niaba yake, akieleza kwamba mwenyewe yuko na mkewe anayejifungua. Hapakuwa na Rich wala mtoto; alikuwa Dalton Trumbo, mmoja wa waandishi waliofungiwa. Mwaka uliofuata tuzo ya mswada wa The Bridge on the River Kwai akapewa Pierre Boulle, mwandishi wa riwaya yenyewe, Mfaransa ambaye hakuandika mswada ule wa Kiingereza. Walioandika, Michael Wilson na Carl Foreman, walirudishiwa haki yao katikati ya miaka ya 1980, wote wawili wakiwa wamekwisha kufa.

Na hayo hayakuwa mazoea ya pembeni tu. Februari 1957 Akademia yenyewe, yaani chombo kinachotoa Oscar, iliweka kanuni ya kuwazuia watu wa namna hiyo kuwania, ikaifuta Januari 1959. Trumbo alikabidhiwa sanamu ya The Brave One mwaka 1975, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Mwaka 1999 Akademia hiyohiyo ikampa mwongozaji Elia Kazan, aliyetaja majina ya wenzake mbele ya kamati hiyo ya bunge mwaka 1952, tuzo ya heshima kwa kazi za maisha yake. Ukumbini baadhi walisimama kupiga makofi, wengine wakakaa wamefunga mikono. Mimi ningekaa. Filamu zake ni kubwa na sipunguzi hata moja, ila tuzo ya maisha yote huyapima na yale yasiyopigwa picha.

Ombi langu ni dogo. Mkichapa matokeo, andikeni mwaka wa filamu na mwaka wa sherehe, kwa sababu hupishana kwa mwaka mmoja na kurasa zenu huvichanganya. Na katika orodha yenu ya washindi wa zamani, sherehe ya 1954, Hadithi Bora, Roman Holiday, bado mna jina la Ian McLellan Hunter. Huyo alimwazima Trumbo jina lake. Tuzo ilikabidhiwa kwa mjane wa Trumbo mwaka 1993. Rekebisheni.

Wenu,
Msomaji wa kurasa za filamu