Matela mazito ya shambani yawe na breki zake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie matela ya shambani yanayokokotwa na trekta kwenye barabara za umma, hasa wakati wa mavuno, ambapo mzigo hujazwa hadi juu na safari huendelea hata giza likishaingia.

Tela lenye tani 10 za nafaka, lisipokuwa na breki zake lenyewe, huiachia trekta kazi yote ya kulisimamisha, ilhali mara nyingi trekta ni nyepesi kuliko mzigo inaouvuta. Na katika mteremko tela huisukuma kutoka nyuma hadi vyote viwili vikakunjamana na kupinduka. Mwendo ukiongezwa maradufu, umbali wa kufunga breki huongezeka takriban mara 4.

Nimewahi kuona tela limeungwa kwa kipande cha nondo badala ya pini, bila kibanio cha kukizuia kisichomoke wala mnyororo wa usalama, na nyuma yake watoto wakitembea kwenda shule. Sijalisahau hadi leo.

Pia pedali mbili za breki za trekta, ambazo shambani huachanishwa ili kurahisisha kukata kona, sharti ziunganishwe kabla ya kuingia barabarani, kwani kukanyaga moja pekee huigeuza trekta ghafla.

Naziomba mamlaka zikague breki, taa za nyuma na viakisi mwanga kabla ya msimu wa mavuno kuanza, wala zisingoje ajali.

Wako mwaminifu,
Mkulima na dereva wa trekta