Mama, usingizi wako haujapotea

Leicester, Uingereza

Mama mpenzi, shikamoo.

Nimelifikiria sana lile uliloniambia kwenye simu, kwamba usingizi unakukatika saa nane usiku na ndiyo basi mpaka adhana. Hebu tuhesabu pamoja. Unapanda kitandani saa mbili, mara tu baada ya Isha. Hadi saa nane umeshalala masaa sita. Mchana unajilaza tangu saa nane mpaka saa kumi, mawili mengine. Jumla masaa manane, na mtu wa umri wako anahitaji saba hadi manane. Usingizi upo, ila umekaa mahali pabaya.

Kwa hiyo kile kidonge cha Piriton unachomeza ili upate usingizi, tafadhali kiache. Ni dawa ya mafua na mzio. Kwa mtu mzima hukausha kinywa, huzuia mkojo, hata kuchanganya akili, na ukiamka usiku kwenda msalani bado kimo mwilini kinakuyumbisha.

Mchana jilaze nusu saa tu, na saa tisa iwe imekukuta umeamka. Mdogo wangu akuamshe, hata ukimnunia. Kisha saa kumi na nusu toka ukatembee. Watu husema tembea asubuhi, na kwa anayekesha ni sawa, lakini wewe unasinzia mapema mno. Mwanga wa jioni husaidia kuchelewesha saa ya mwili. Wiki ya kwanza dakika 10, kila wiki ongeza 5 mpaka zifike 30, siku tano kwa wiki. Mwendo uwe ule ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Vaa viatu vilivyofungwa nyuma, kandambili ziache mlangoni. Kwa ajili ya ugonjwa wako wa sukari, weka pipi mfukoni ya kula ikishuka, na ukirudi kagua nyayo kama zina jeraha.

Zoezi ninalokusisitizia zaidi ni la kiti, siku tatu kwa wiki. Chukua kiti cha mezani, si kochi, kiegemeze ukutani pasipo na mkeka. Dera lipandishe usije ukalikanyaga. Kaa nusu ya mbele ya kiti, miguu iachane kwa upana wa nyonga, visigino virudi nyuma ya magoti kidogo. Inama mbele mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, ndipo usimame huku unatoa pumzi. Wengi hushindwa hapa: hujaribu kusimama mgongo umenyooka, wanajivuta kwa mikono, halafu wanalaumu magoti. Kurudi chini ndiko kwenye kazi. Hesabu moja, mbili, tatu, ndipo ukalie. Ukijiangusha pu, misuli haijafanya kitu. Anza mara 5, pumzika dakika moja, rudia. Ukizoea, fika mara 10. Pumzi usiibane, inapandisha presha.

Goti likiuma kidogo na kesho yake likatulia, endelea. Likivimba, punguza idadi. Kifua kikibana, kizunguzungu kikija au pumzi ikikata, kaa chini na umwite mtu. Siku hiyo mazoezi yameisha, na hospitali mwende.

Saa ya kulala isogeze dakika 15 kila baada ya siku tatu, mpaka ifike saa nne. Chai ya majani mwisho saa nane mchana; jioni kunywa tangawizi tupu. Kama vidonge vyako vya presha ni vile vya kukojoza na unavimeza usiku, muulize daktari kama vinaweza kuhamia asubuhi. Miguu ikivimba, iinue juu ya mto kwa saa moja kabla ya Magharibi, maji yatoke mapema badala ya kukuamsha usiku. Ukiamka, kaa ukingoni mwa kitanda dakika moja kabla ya kusimama, na taa ya ukumbini ibaki inawaka.

Siku za kwanza utasinzia kabla ya saa yako na utanikasirikia. Vumilia, mabadiliko huja baada ya wiki kadhaa. Andika kwenye daftari saa uliyolala, saa uliyoamka na dakika ulizotembea. Nitapiga Ijumaa baada ya swala, tulisome pamoja.

Wasalimie wote nyumbani.

Mwanao akupendaye